Jina na Kitu Chenyewe

Mwanafunzi mdogo wa Mji wa Kale, Mombasa, afundishwapo Kiingereza kwa kupelekwa kando ya hori ya Tudor, akahesabu miche ya mikoko, akaandika saa za maji kujaa na kupwa, kisha akamwuliza mvuvi mzee habari za zamani, huyo hajifunzi lugha tu, bali hujifunza adabu ya kutafuta hakika. Maana lugha ile ngeni humpa jina moja kwa miti ambayo wazee wa pwani huipambanua kuwa mkoko, mchu, mkandaa na mlilana. Basi elimu ni ipi, jina au kitu chenyewe? Kwa itikadi yangu, elimu ni ushahidi wa jicho kabla ya ulimi kunena, na asemaye asichokichungua, kwa lugha yoyote iwayo, ni kasuku.