Dhamiri ya Karani, Muhuri wa Dola

Katika ofisi moja ya etasivili ambayo sitaitaja, karani amekataa kuandika ndoa ya binti Mwislamu wa Kasongo na kijana Mkatoliki wa Kabambare. Wote wamepita miaka 18, mahari imepokelewa, wazazi wameridhia. Karani anasema dini yake haimruhusu.

Uhuru wa dini hauhitaji maelezo marefu. Kifungu cha 22 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinautoa, na papo hapo kinauwekea mpaka wa sheria na haki za wengine. Kifungu cha 40 kinampa kila mtu haki ya kuoana na amtakaye, mradi ni wa jinsia nyingine. Kwa hiyo kisa cha Kim Davis, karani wa Kentucky aliyewekwa ndani siku tano mwaka 2015 baada ya kukataa kutoa hati za ndoa kwa sababu watu wa jinsia moja wameruhusiwa kuoana, kwetu hakiwezi kutokea. Hata hivyo, tulipomzungumzia karani wetu barazani, Davis alisifiwa kama shujaa.

Kisha ikaja hoja inayonichoma: "Si waende kwa karani mwingine?" Yupi? Wa Kindu? Barabara ile wakati wa mvua nani asiyeijua? Asemaye hivi anamhesabia karani dhamiri, wachumba anawahesabia miguu tu. Na huyo wa pili akikataa? Haki inayongoja karani mwenye imani inayofaa imekwisha kuwa bahati. Leo amekataliwa Mkatoliki, kesho atakataliwa aliyeachika, keshokutwa mtu wa kabila lisilopendwa, na kila mkataaji atakuwa na aya yake. Muhuri ni wa dola, na kifungu cha 1 kinasema dola hii haina dini.

Wapo wanaokumbusha kwamba kifungu cha 28 kinamruhusu mtumishi kukataa amri iliyo haramu waziwazi. Nakubali, ila ndoa hii si haramu.

Kasongo ingepaswa kuwa ya kwanza kulielewa jambo hili. Jeshi la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, likiongozwa na Dhanis, liliuteka mji huu wa Waislamu mwaka 1893, na mwaka 1906 Leopold alipatana na Vatikani, shule zikawa za misheni. Mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma mara nyingi alikuta ubatizo mlangoni. Ndiyo maana wako wazee wenye majina mawili, la nyumbani na la shule. Je, wajukuu wao wakipata kiti cha ofisi, nao waamue nani aandikwe?

Lakini historia hiyohiyo inanibana mimi pia: kumlazimisha mtu atie sahihi asichokiamini, kunatofautianaje na kumbatiza kwa nguvu? Huenda ahamishwe meza, huenda aache kazi. Wenye hekima waendelee kubishana. Ila kumtafuta karani mwingine ni kazi ya ofisi, si ya wachumba. Mkuu wa ofisi ile aifanye wiki hii.