Unakimbia, Halafu Unarudi Pale Pale

Asubuhi ya kwanza niliyokimbia kijijini kwetu, wanaume watatu walitoka nje na fimbo.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umetanda kwenye migomba. Nilikuwa nimetoka Tarime mjini jana yake kuja kumsalimia mama, huku upande wa Nyamwaga. Nikavaa bukta na raba, nikaanza kukimbia taratibu kuelekea njia panda. Jambo moja sikulifikiria: kwetu, mwanamume mzima anayekimbia alfajiri ana sababu. Ama kuna mgonjwa, ama ng'ombe wameibwa.

"Mura, ng'ombe wa nani?" aliniuliza mzee jirani.

"Shikamoo, mzee. Hakuna kilichoibwa. Nafanya mazoezi."

Alishusha fimbo, akanitazama kuanzia raba hadi kitambi. "Kwa hiyo unakimbia mpaka njia panda."

"Ndiyo, mzee."

"Halafu unarudi pale pale."

"Ndiyo."

"Sasa nguvu hizo unampa nani?"

Wenzake wawili walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameuliza, na alingoja jibu. Sikuwa nalo.

Nina miaka 27. Nasoma uzamili, na ili nilipe ada naingiza takwimu kwenye kompyuta katika ofisi moja mjini Tarime. Kwa miaka miwili siku zangu zimefanana: bodaboda hadi mlangoni, kiti, saa nne chai ya maziwa na chapati mbili, kiti, mchana ugali na nyama, kiti, bodaboda. Kazi ikinipeleka Mugumu, wilayani Serengeti, napanda gari la ofisi, tunapita Nyamongo, tunavuka Mto Mara, na mimi nimekaa tu. Nilianza kazi nikiwa na kilo 71. Siku nesi aliponipima presha na kuirudia mara ya pili kwa kutoamini, nilikuwa na kilo 92.

Kwamba kukaa kunadhuru si jambo jipya. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Basi lile lile, mwajiri yule yule, lakini madereva waliugua moyo zaidi ya makondakta. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona kwenye usukani. Siku hiyo hiyo nikanunua raba.

Kwa hiyo sababu ya kukimbia ninayo. Lakini mzee hakuniuliza sababu. Aliuliza nguvu zinakwenda wapi, na hilo ni swali la haki, hasa ukiwa umepishana njiani na mama yako mzazi, ndoo ya lita 20 kichwani, wewe ukiwa umevaa raba za kukimbilia.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kijana wa mjini: nguvu ni zangu, mwili ni wangu, nautumia nipendavyo. Ila nikilisema mbele ya mama nitakuwa nimesema uongo. Ng'ombe wawili waliuzwa ili nisome shahada ya kwanza, na lengo la kuuza lilitamkwa wazi: mtoto huyu asishike jembe. Kiti changu kimelipiwa. Kitambi nacho kiliposikika kijijini kilipokewa kama risiti. "Mwanao amenenepa," walimwambia mama, na yeye alifurahi. Kwa watu walioishi miaka ambayo kukonda kulimaanisha njaa, au ule ugonjwa uliotajwa kwa kunong'ona, mtoto mnene ni mtoto aliye salama.

Jibu la pili lilionekana la heshima zaidi: kama ni jasho, basi limwagike shambani kwa mama. Jumatatu, nikiwa bado likizo, nilichukua jembe. Kufikia saa nne mikono ilikuwa na malengelenge, na mama alikuwa akirudia matuta yangu nyuma yangu, kimya kimya. Nilipochoka nilikwenda kukaa kivulini. Yeye aliendelea.

Pale kivulini ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa nimeligeuza shamba lake kuwa dawa yangu. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kuacha, yeye hana. Mazoezi ni jasho unaloweza kulikatiza. Kazi ya mama haikatiziki, kwa sababu mwisho wake ni chakula cha usiku. Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliloliandaa Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama katika mkoa wetu huu huu, linasema wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu yeyote Tanzania, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku. Ningekuwa mwongo kama ningeiita hali hiyo afya. Mama ni mwembamba, na mgongo wake unauma kila usiku. Hakuna anayempongeza kwa wembamba wake.

Kuna jambo jingine lililonivuruga. Sisi wa ofisini tunapenda kuamini kwamba mnene ni mvivu na mwembamba ni mchapakazi, kana kwamba mizani hupima tabia. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia Wahadzabe, majirani zetu wa kule Ziwa Eyasi, ambao hutembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Kutembea kunalinda moyo, hilo halibishaniwi, lakini unene hauelezwi na jasho peke yake. Chapati zangu mbili zilikuwa na neno la kusema, na mazingira yanayoniwekea chapati mezani na kiti chini yangu pia. Uzito wangu haukuwa ushahidi wa dhambi. Wembamba wa mama haukuwa ushahidi wa maisha mema. Miili yote miwili ilionyesha tu kazi zilivyogawanywa katika familia moja.

Nikiliona hivyo, swali la mzee linajibika, ingawa jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza: kutunza mwili huu ni kulipa deni. Nikianguka na kiharusi nikiwa na miaka 40, ng'ombe wale watakuwa wameuzwa bure, na atakayeniuguza ni mama. Kwa hiyo nitakimbia hadi njia panda na kurudi pale pale, bila aibu. Ya pili ni ngumu zaidi: siwezi kununua jasho langu na kuliacha la mama lilivyo. Anayeweza kuchagua kuchoka anadaiwa na asiyeweza.

Niliacha chapati na soda za ofisini, na bodaboda ya asubuhi nikaibadilisha kwa miguu. Nilichoweka, pamoja na mchango wa dada yangu aliye Mugumu, kilitosha kununua tangi la lita 2,000 na mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye bati. Sitaki kulifanya kubwa kuliko lilivyo. Tangi moja haliondoi jembe, na kiangazi litakauka. Lakini masika hii mama hakwenda mtoni.

Nilirudi nyumbani Aprili nikiwa na kilo 84. Nilimkuta mama amekaa chini ya mwembe saa tatu asubuhi, hana anachofanya, jambo ambalo sikumbuki kuliona utotoni. Mzee jirani alipita na ng'ombe wake, akasimama.

"Mama, umenenepa," alimwambia.

Mama alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Nilitamani kuhesabu kama ni kilo mbili au tatu, nikajizuia. Kwake zilikuwa kilo za kupumzika.

Kisha mzee akanigeukia, akakunja uso.

"Na wewe, mura, mbona umekonda? Unaumwa?"

"Hapana, mzee. Bado nakimbia."

"Na bado unarudi pale pale?"

Nilimwangalia mama kivulini, nikamwangalia mzee. "Ndiyo, mzee," nilisema. "Hapa hapa."