Alama na Neema

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule za wavulana na wasichana. Shule alizijua kwa maumivu: alisimulia kwamba akiwa mtoto alichapwa mara 15 asubuhi moja, kwa somo ambalo hakuwa amefundishwa.

Nami nimewahi kushika fimbo ya namna nyingine. Katika darasa la kipaimara niliwasomea vijana alama zao za Katekisimu mbele ya wenzao, wa kwanza hadi wa mwisho. Yule wa mwisho hakurudi Jumamosi iliyofuata. Nilipomtembelea nyumbani, mama yake aliniambia, "Mchungaji, anasema hata kwa Mungu ameshika mkia."

Tunahubiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, si kwa matendo; kisha tunamfundisha mtoto kwamba thamani yake ni namba yake. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Je, sisi nyumbani na kanisani tumeacha?

Sisemi mitihani ifutwe wala uvivu ubembelezwe. Mti huzaa kwa sababu una mizizi. Mtoto naye hujitahidi akijua kwamba anapendwa hata akianguka. Yule kijana alirudi baada ya mimi kumwomba radhi. Katekisimu anaikariri polepole, nami namsubiri.

Wapendwa, matokeo yakitoka, mpokeeni kwanza mtoto, ndipo mmwulize alama.