Daraja na Mjenzi Wake

Je, kazi ya mikono yaweza kuwa njema ikiwa shabaha yake ni vita? Tazama habari ya mto Chindwin, nchini Burma, iitwayo leo Myanmar. Desemba 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakiwamo vijana wa Kenya, iliutwaa mji wa Kalewa. Mwezi huo huo wahandisi wa jeshi walitandaza juu ya mto daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154. Halikuwapo la aina yake lililolizidi duniani siku zile.

Mizinga ilipita kwenda kuua. Majeruhi walipita kurudi kuponywa. Daraja halikumwuliza mpitaji aendako. Lina udhuru, kwa kuwa halina moyo. Mjenzi hana udhuru huo. Hana budi kujiuliza kazi yake itamvusha nani, na kwa haki gani. Huenda akajibu kwamba azuia ubaya ulio mkubwa zaidi, na jibu hilo laweza kuwa kweli. Lakini na liwe lake mwenyewe, si la amri tu. Nawe ujifunzapo kupima chuma, jifunze kupima na shabaha.