Gauni Limelala Ndani ya Shati. Liamshe!

Inama.

Ndiyo, wewe. Inama kwenye fungu la mashati ya mitumba pale soko la Karume, lile unalolipita kila siku ukikimbilia daladala. Muuzaji amesimama juu ya meza, anapiga makofi, sauti imemkauka. Watu wameshachagua saizi zao, wameondoka. Yaliyobaki ni mapana, ya wanaume wenye vifua kama milango. XL. XXL. Nani atayavaa?

Wewe.

Utayavaa yakiwa gauni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umesimama wima mwaka mzima ukilia huna kitambaa, huna mtaji, huna bahati. Huna kitambaa? Lizungushie futi ya fundi shati moja la XXL kifuani: linapita mita moja. Vifungo vimeshashonwa. Matundu ya vifungo yameshazungushiwa uzi, safi, yamelingana. Kola imesimama. Kazi ngumu imekwisha! Fundi wa kiwandani ameifanya, mvaaji wa Ulaya ameilipia, robota limevuka bahari kukufuata.

Sasa unangoja nini?

Usiniambie hii ni kazi ya wabunifu wa majukwaani. Kanga iliyomo kabatini mwako ilizaliwaje? Karne ya 19, wanawake wa pwani yetu walinunua leso za kigeni, vile vitambaa vya mraba vilivyoletwa na wafanyabiashara. Hata neno lenyewe, leso, limetoka kwa Wareno. Inasimuliwa kwamba walikatiwa leso sita kutoka kwenye jora, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga kwa sindano, wakapata vazi pana ambalo halikuwapo katika duka lolote. Hawakungoja kiwanda. Kiwanda ndicho kilichowafuata, kikaanza kuchapa kitambaa kizima kwa mtindo wao.

Mkono wa mwanamke ulitangulia. Mashine ikafuata.

Umeulaza wapi ustadi huo?

Pale Kampala, mbunifu Bobby Kolade ananunua mitumba, anaifumua, anaishona upya, kisha anaiuza hata katika nchi za ng'ambo ilikotoka. Umesikia? Nguo waliyoitupa wanainunua tena, kwa sababu mtu mmoja alikaa, akashika mkasi, akaiona nguo nyingine ndani yake. Alikuwa na robota lile lile linalokuja kwetu.

Lile lile!

Najua, mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipopandisha ushuru, Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru mwaka 2018. Wakubwa wana mijadala yao, na ni mijadala mizito. Lakini mkasi ulio kwenye droo yako unangoja azimio la nani?

Haya, sikiliza. Chukua mashati matatu. Yawe ya uzito mmoja, pamba kwa pamba, ili yasivutane baadaye. Yainue kwenye mwanga, utazame kolani na kwapani, maana huko ndiko kitambaa huanza kuchoka. Yafue. Yapige pasi. Usikate shati ambalo hujalifua mwenyewe! Pamba ikisinyaa baada ya kushonwa, machozi hayairudishi.

La kwanza ni kifua. Livae, jifunge uzi kiunoni, weka alama ya chaki pale uzi ulipokaa. Livue, ongeza vidole viwili vya mshono, kata. Mabega yanamwagika? Fumua mikono, punguza mabega, bana ubavuni.

La pili ni sketi. Kata chini ya kwapa, mstari mmoja ulionyooka, ubavu hadi ubavu. Tazama kilichobaki mkononi. Ni sketi! Vifungo mbele, mishono ubavuni, tayari. Nyoosha pindo lake lililopinda. Pitisha juu mistari miwili ya mshono mrefu, vuta uzi polepole mpaka marinda yajikusanye na kulingana na kiuno cha kifua chako. Kabla ya kuunga, fungua vifungo vya pande zote mbili, ili gauni lifunguke kuanzia shingoni hadi chini. Panga vifungo vya juu na vya chini vifuate mstari mmoja. Hapo usikubali hata tofauti ya nusu kidole, maana hapo ndipo jicho la mteja litakapotua.

La tatu ni rinda la chini. Kata kiwiliwili chake mikanda miwili mipana, iunge iwe mmoja mrefu, ikunjekunje, ishone kwenye pindo. Mikono iliyobaki itakupa mkanda wa kiunoni. Kinachotupwa ni kidogo.

Mashati matatu. Gauni moja. Kazi ya siku mbili tatu za kweli.

Najua unapoogopa. Unaogopa pale meno ya mkasi yanapogusa kitambaa, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Na mimi niliogopa. Gauni langu la kwanza niliiunga sketi kinyume, upande wa nje ukatazama ndani. Niliifumua usiku ule ule kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka ncha za vidole zikawaka. Saa saba usiku likakaa. Tangu siku hiyo mkasi haujanitisha tena, kwa sababu nilijifunza kwamba mshono uliokosewa unafumuliwa.

Muda uliopotea je? Utaufumua kwa wembe gani?

Huna cherehani? Shona kwa mkono. Kabla ya cherehani kubuniwa, mabibi na mabwana wa dunia nzima walivaa mishono ya mkono. Au nenda kwa fundi wa barazani, umlipe saa moja ya cherehani yake. Hujui kushona? Hakuna aliyezaliwa akijua kutunga uzi kwenye sindano. Mkasi wako butu? Unoe. Mchagua jembe si mkulima, na mchagua mkasi si fundi.

Huna muda?

Jana usiku simu yako ilikula saa ngapi?

Nakuuliza kwa sababu nakuamini. Rangi unazozipanga unapovaa kanga na blauzi, jicho lako linaloona upesi kwamba gauni la jirani limevutwa upande mmoja, mkono wako unaokunja sambusa zikalingana zote: hicho ndicho kipaji. Kimekaa ndani yako kama gauni ndani ya shati, kimefungwa vifungo hadi shingoni.

Fungua!

Mteja wako wa kwanza ni wewe mwenyewe. Livae kanisani, livae harusini, livae kazini. Likose kidogo, haidhuru. La pili litakaa vizuri zaidi. La kumi watu watakuja kukugongea mlango. Lakini hakuna la kumi bila la kwanza, na la kwanza halijishoni.

Kesho alfajiri kamba za robota jipya zitakatwa, mashati yatamwagwa, na watu watagombania saizi zao. Jua likipanda, mapana yatabaki chini ya fungu, hayana mwenyewe.

Inama uyachukue.