Kamba ya Kanga

Nimekaa na habari hii muda mrefu bila kuiandika, kwa sababu mkosaji wa kwanza ndani yake ni mimi. Mdogo wangu ndiye aliyenipa ruhusa. Alisema, "Andika, kaka. Huenda kuna mwenzangu atasoma."

Mama yetu alipata kiharusi Machi 2023, akiwa na miaka 74. Alipooza upande wa kulia na maneno yakampotea. Tulikaa kikao sebuleni kwake, Morogoro, na hakikumaliza hata saa moja. Tumezaliwa watano. Wanne tuna kazi na familia zetu mbali. Yule wa mwisho alikuwa akiishi na mama na kuuza vitenge. Tukakubaliana yeye auguze, sisi tutume hela. Mjomba akafunga kwa sala, akamwambia atapata baraka. Hakuna aliyemuuliza kama ataweza, wala nani atampokea akichoka.

Aliyewahi kuuguza mtu wa kitandani anaijua kazi hiyo. Uji kijiko kwa kijiko, taratibu, mgonjwa asipaliwe. Kuogesha, kubadilisha pampasi, kufua mashuka. Na kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili mwili usiote vidonda kwa kulalia upande mmoja. Mama alikuwa mnene kumzidi binti yake.

Dalili zilianza mapema. Kwanza alifunga biashara. Mwezi wa tisa akatoka kwenye kikoba. Baadaye akaacha kwenda jumuiya, na jumuiya ilipokuja kwetu akawaambia mama amelala. Kila jambo alikuwa na sababu yake, nasi tuliikubali kwa sababu ilitufaa. Nikipiga simu nauliza, "Mama anaendeleaje?" Anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Nakata simu, natuma hela, nalala. Sikumbuki hata siku moja niliyouliza, "Na wewe je?"

Pasaka ya 2024 nilikwenda kuwaona. Akinimiminia chai, nikaona alama nyeusi imemzunguka kifundo cha mkono, kama ya pingu. Nikamuuliza. Akanionyesha kipande cha kanga kilichosokotwa kuwa kamba. Usiku alijifunga ncha moja mkononi, na ncha ya pili akaifunga kwenye mkono mzima wa mama, kwa kuwa mama hakuweza kuita. Mama akitikisa mkono, yeye anaamka. Unajua nilifanya nini? Nilimsifu. Nilirudi Dar es Salaam nikawasimulia watu jinsi mdogo wangu anavyompenda mama. Kumbe nilikuwa nimemwona mtu ambaye hajalala usiku mzima kwa mwaka mmoja, na sikumtambua.

Juni mwaka huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Morogoro, na kisingizio changu cha foleni ya barabarani kikaisha. Hadi Novemba nilikwenda mara mbili tu.

Oktoba mdogo wangu akaanza kusema, "Mgongo tu, kaka." Wakati huohuo, kwenye kifandugu cha mama palikuwa pametokea doa lililokoza kuliko ngozi ya pembeni, lenye joto ukiligusa. Hiyo ndiyo hatua ambayo mtu wa afya akiliona, kidonda huweza kuzuiwa. Mdogo wangu hakumwonyesha mtu. Aliona aibu, akadhani tutasema amemtelekeza mama. Akawa ananunua dawa ya unga dukani na kunyunyizia.

Asubuhi moja ya Novemba aliinama kumgeuza mama, mgongo ukakataa. Alianguka sakafuni, akashindwa kuinuka. Wakabaki hivyo, mmoja kitandani, mwingine chini, mpaka kijana wa maziwa aliposikia sauti. Hospitalini kidonda kilikutwa kimefika kwenye mfupa. Muuguzi alimuuliza swali moja: "Ulikuwa unapokezana na nani?" Mdogo wangu akaangalia chini. Mama alifariki baada ya siku 19.

Kwenye msiba ndipo nilipopata jibu linaloniuma hadi leo. Mama mmoja wa jumuiya aliniambia, "Tuliona mlango umefungwa, tukadhani hamtaki watu." Nyumba ya nne kutoka kwetu anaishi mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ni kazi yake kupita majumbani, kumtazama mgonjwa na kuandika rufaa. Mpango wa taifa wa wahudumu hao ulizinduliwa Januari 2024, mwaka uleule. Hakuna aliyemgongea. Kikoba alichokiacha kilikuwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya mwanachama mwenye mgonjwa. Hata ofisi ya mtaa hatukufika, ambako mwenyekiti angetuandikia barua ya kwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo, na safari ya kupata kitambulisho cha matibabu hayo huanzia hapohapo mtaani. Sisemi misaada hii inatosha. Mara nyingine utaambiwa rudi kesho. Lakini sisi hatukwenda hata mara moja tukaambiwa rudi kesho.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kumuuguza mzazi ni kumsitiri, na sitara ni mlango uliofungwa. Mimi niliamini hivyo, na nisipojiangalia nitaamini tena. Mwanamke wa jumuiya akija Jumanne kukaa na mgonjwa saa tatu tu, binti akaenda sokoni au akalala, mgonjwa havunjiwi heshima. Jirani mwenye nguvu akifundishwa namna ya kumgeuza mtu kwa shuka, migongo miwili inapona. Ndugu wa mbali akiomba likizo ya wiki moja aje ashike zamu, hilo lina uzito kuliko laki moja ya kwenye simu.

Ndugu yangu unayeuguza, usingoje mpaka mgongo ukatae. Kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti wako wa mtaa, au kwa jirani unayemwamini kuliko wote, umwambie hivi: "Ninauguza, na niko peke yangu."