Herufi Moja Katika Damu

Claude Shannon alipochapisha nadharia yake ya mawasiliano mwaka 1948, alitamka wazi kwamba maana ya ujumbe haimhusu mhandisi. Alichopima ni mashaka yanayomwondoka mpokeaji anapoupata. Kwa kipimo hicho, kila herufi ya DNA, iwe A, C, G au T, hubeba biti zisizozidi 2. Binadamu tuna herufi kama bilioni 3. Kamongo wa Ziwa Victoria anatuzidi kwa mbali. Kama wingi wa herufi ungekuwa wingi wa maarifa, samaki huyo wa matopeni angekuwa mwalimu wetu. Basi habari iliyomo kwenye jeni ni habari ya nini?

Tuutazame ugonjwa wa selimundu. Katika jeni ya beta-globini, sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni katika damu, kundi moja la herufi tatu husomeka GAG. Kwa baadhi yetu husomeka GTG. Katika protini hiyo, kijenzi kiitwacho asidi ya glutamiki hutoka, kingine kiitwacho valini huingia, na hemoglobini ikipungukiwa oksijeni hugandamana kuwa nyuzi zinazoipinda chembe nyekundu ya damu mfano wa mundu. Kwa hesabu ya biti, hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Mwulize mama anayekesha na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa kama ni kweli hakuna kilichobadilika.

Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo. Katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya ziwa, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walibeba herufi hiyo T ya selimundu. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Mwaka 1954 alionyesha sababu: nakala moja ya herufi hiyo humkinga mtoto dhidi ya malaria.

Hapo Shannon anatufaa tena, kwa upande mwingine wa nadharia yake. Kitu kina habari juu ya kingine iwapo kukijua kunapunguza mashaka juu ya hicho kingine. Ukinipa kiwango cha T katika damu ya jamii, nitakisia vizuri zaidi kama wazee wao waliishi na malaria. Habari hiyo haimo ndani ya herufi, wala ndani ya mtu mmoja. Imo katika uhusiano wa vizazi na mahali walipoishi. Kwa hiyo siridhiki na kauli kwamba DNA ni kitabu cha maagizo tu.

Tena habari hiyo imepatikana kwa vifo: vya watoto wasio na nakala waliouawa na malaria, na vya wenye nakala mbili waliouawa na selimundu. Wanaosifu werevu wa mageuko huisahau gharama hii haraka mno.

Mtoto wa ukoo wa ziwani akizaliwa London, bado anaweza kuibeba T, ingawa huko hakuna malaria ya kumkinga nayo. Hata malaria ikitokomezwa kote, herufi hiyo itapungua polepole sana, kwa sababu wengi wanaoibeba wana nakala moja tu, hawaugui, na uteuzi asilia hauwagusi.